Ndege Aliyeona Mwako

Bata wa majini ana macho makali kuliko wengi wanavyomdhania. Mchungaji Alexander Forsyth wa Belhelvie, parokia ya pwani kaskazini-mashariki mwa Uskoti, alilijua hilo kwa gharama ya baruti yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, kila alipopata nafasi alibeba bunduki akaenda kuwinda ndege wa majini, na mara nyingi yalimkuta yale yale: analenga, anavuta kifyatulio, mwako unatoka kando ya mtutu, bata anazama. Marisau yanafika na kupiga maji matupu.

Bunduki yake ilikuwa ya gumegume, kama zilivyokuwa karibu zote wakati ule. Ukivuta kifyatulio, nyundo iliyoshika jiwe hupiga bamba la chuma; cheche huangukia kifa, yaani kile kibakuli kidogo cha baruti kilicho ubavuni mwa mtutu. Baruti ya kifa huwaka, moto hupenya tundu jembamba kuingia ndani, na hapo ndipo baruti yenyewe iliyoshindiliwa hulipuka na kusukuma marisau. Kwa mtu, yote hayo ni kufumba na kufumbua. Kwa bata ni nafasi ya kutosha kuona, kuogopa na kutoweka.

Mtu anayeingia leo dukani kuchagua bunduki ya kuwindia ndege huulizwa maswali mengi: mtutu mmoja au miwili, iliyolala sambamba au iliyopandana, bora (kipimo cha tundu la mtutu) ya 12 au ya 20, mdomo mpana au uliobanwa, kitako kirefu au kifupi. Huweza kudhani ni mambo ya ladha, kama kuchagua viatu. Kila moja ya maswali hayo lina kaburi la fundi aliyefilisika na mahali ambapo ndege fulani aliponyoka. Kwa muda wa miaka 200 mafundi walifanya kazi moja tu, kumnyang'anya ndege muda wake, kipande kwa kipande. Walifaulu mno, mpaka serikali zikalazimika kuingia kati na kumrudishia kiasi.

Zamani zaidi haikuwa hivyo. Katika Ulaya ya miaka ya 1500, bunduki ilipigiwa ndege aliyetua. Mwindaji alinyemelea kwa tumbo mpaka karibu na kundi lililokaa chini au juu ya mti, akalenga mahali wamesongamana. Kumpiga ndege angani kulionekana mchezo wa wazimu. Mazoea hayo yaligeuka katika karne ya 17. Waingereza kwa sehemu kubwa walichukua desturi mpya ya kumpiga ndege angani kutoka Ufaransa baada ya mfalme wao Charles II kurudi uhamishoni mwaka 1660. Tangu hapo bunduki ya ndege ikaanza kuachana na bunduki ya vita. Askari alihitaji kitu kizito kinachovumilia kupigwa chini na kuwekwa singe. Mwindaji alihitaji kitu chepesi kinachopanda begani chenyewe, macho yakiwa yamemshika ndege.

Tatizo lilikuwa urefu. Iliaminika kwamba baruti huungua polepole, hivyo mtutu usipozidi mita moja nguvu hupotea bure. Bunduki ya namna hiyo ni kama mpiko begani, na ukiweka mitutu miwili hainyanyuki. Fundi wa London, Henry Nock, aliutegua mtego huo mwaka 1787. Alitengeneza tako la mtutu lenye chumba kidogo ndani, ili moto wa kifa uifikie baruti kwa mkupuo na kuiwasha yote karibu wakati mmoja. Baruti ikiungua upesi, mtutu mrefu hauna kazi. Urefu ukashuka hadi karibu sentimita 75, na kwa ghafla bunduki ya midomo miwili ikawezekana. Asiyempata ndege kwa wa kwanza alikuwa na wa pili.

Aliyeifanya bunduki hiyo kuwa kitu cha kutamaniwa ni Joseph Manton wa London. Kabla yake fundi wa bunduki alihesabiwa pamoja na wahunzi. Baada yake alihesabiwa pamoja na watengeneza saa. Manton alipunguza kila kisichohitajika, akaiacha bunduki nyembamba kiunoni na yenye kukaa mkononi kama iliyozaliwa hapo. James Purdey alifanya kazi kwake kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1814, na majina mengi makubwa ya London yalipitia mlango uleule. Manton mwenyewe alipenda kesi kuliko faida. Mwaka 1826 alitangazwa mfilisi.

Nisiyapite marisau, maana watu husifu mtutu na kusahau kinachotoka humo. Mapema, chembe hizo zilikatwa kutoka bamba la risasi kisha zikaviringishwa, au zilimwagwa majini zikiwa zimeyeyuka na kutoka na mikia. Chembe isiyo duara huenda upande inaoutaka yenyewe. Mjini Bristol, fundi bomba aliyeitwa William Watts alipata hataza mwaka 1782 kwa njia iliyokuwa rahisi mno hata inaudhi: risasi iliyoyeyuka ipitishwe kwenye chujio, ianguke kutoka juu sana, iingie kwenye maji. Ikiwa hewani, kila tone hujikunja lenyewe na kuwa mpira kamili, kwa sababu ileile inayofanya tone la mvua liwe la mviringo, na hupoa kabla ya kugusa maji. Watts alitoboa sakafu za nyumba yake, akajenga mnara juu ya paa na kuchimba shimo chini, ili apate kimo. Majirani wa kilima cha Redcliffe wakaishi na nyumba yenye mnara ambao si wa kanisa. Minara ya namna hiyo ikaenea Ulaya na Marekani.

Turudi Belhelvie. Forsyth alipenda kemia. Mwaka 1800 Mwingereza Edward Howard alikuwa ameeleza chumvi ya zebaki inayolipuka ikigongwa, na chumvi nyingine za tabia hiyo zilijulikana. Wengi walijaribu kuzitumia badala ya baruti, wakapasua mitutu na vidole. Mchungaji aliona mbali zaidi: chumvi hizo zisisukume marisau, ziwashe tu. Aliondoa jiwe, akaondoa kifa, akaweka kikopo kidogo chenye umbo la kichupa cha manukato. Ukikigeuza hudondosha punje chache za unga, nyundo huzigonga, nazo hutema moto moja kwa moja ndani ya mtutu. Hakuna cheche nje wala mwako wa kumshtua ndege, na upepo wa Bahari ya Kaskazini haukuwa na cha kupeperusha.

Mwaka 1806 aliupeleka mtambo huo London. Aliyekuwa mkuu wa silaha za serikali, Lord Moira, alimpa chumba ndani ya Tower of London aendelee na majaribio. Mwaka uliofuata akaja mkuu mpya, Lord Chatham, aliyemwamuru aondoke na kuchukua takataka zake. Forsyth akachukua hataza tarehe 11 Aprili 1807. James Watt, yule wa injini za mvuke, alimsaidia kuiandika kwa maneno mapana kiasi kwamba wezi hawakupata upenyo. Manton alijaribu upenyo, akashindwa mahakamani. Jeshi la Uingereza lilikuja kuukubali uwashaji huo baada ya miaka 30 hivi, na Forsyth alifariki mwaka 1843 akiwa amepata kutoka hazina fedha ambazo mtu anaona haya kuzitaja. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba askari walipata silaha bora zaidi kwa sababu bata walimsumbua mchungaji.

Si wote waliopiga makofi. Kanali Peter Hawker, aliyejeruhiwa paja katika mapigano ya Talavera mwaka 1809 na kutumia maisha yake yaliyobaki akiwinda ndege wa majini kusini mwa Uingereza, alikubali kwamba mtambo mpya unawasha upesi, lakini akashikilia kwamba gumegume inapiga kwa nguvu zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1814 kilichowafundisha vijana kuwinda kilichapishwa tena na tena, na wasomaji wake walirithi mashaka hayo. Nadhani kulikuwa na sababu nyingine. Aliyekwisha kujizoeza kuongoza mtutu mbele ya ndege kwa kipimo cha gumegume, akipewa bunduki inayolipuka papo hapo hupiga mbele mno. Mazoea ya mkono hayafutiki kwa hoja.

Baada ya miaka michache kichupa cha manukato kikabadilika kuwa kofia ndogo ya shaba yenye unga ndani, inayovishwa juu ya chuchu ya chuma. Kofia hiyo tunaijua. Ni fataki.

Kiswahili kimehifadhi safari yote hii kama makumbusho. Gumegume, fataki, kifa, mdeki wa kushindilia, marisau, gobore: kila neno ni hatua, na mengi yaliingia katika midomo ya watu wa pwani pamoja na silaha zenyewe. Katika miaka ya 1880 bunduki kuukuu za Ulaya zilimiminika Zanzibar kwa makumi ya maelfu kila mwaka, nyingi zikiwa zimetupwa na majeshi yaliyohamia mitambo mipya, zikapanda bara na misafara ya pembe. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba katika Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, Mwafrika asiuziwe silaha ya kisasa. Aruhusiwe bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Kisingizio kilikuwa biashara ya utumwa. Matokeo yake ni kwamba teknolojia ambayo Forsyth aliichoka mwaka 1805 ilifanywa kuwa kiwango cha sheria kwa sehemu kubwa ya bara miaka 85 baadaye. Gobore linalonyemelea kanga katika vichaka vya bara mpaka leo halikubaki nyuma kwa uzembe wa mwenye nalo. Mwanzoni liliwekwa nyuma kwa makusudi, juu ya meza, na watu waliovaa suti.

Huko Ulaya, miongo mingi kabla ya mkataba huo, kazi ya kukata muda ilikuwa imeendelea kwingine. Kuwasha kulikuwa kwepesi sasa; kushindilia ndiko kulikochelewesha. Mwindaji wa fataki alisimama, akapima baruti kutoka pembe, akaweka zibo, akasukuma kwa mdeki, akamimina marisau, akaweka zibo jingine, akasukuma tena, akavisha fataki. Mara mbili, kama ana midomo miwili. Wapo waliosahau mdeki ndani wakaupiga angani, na wapo walioshindilia upande mmoja mara mbili, na mtutu ukawafungulia mkononi. Jijini Paris, Casimir Lefaucheux alipata katika miaka ya 1830 hataza za bunduki inayokunjika katikati na kupokea ganda lililokwisha kujazwa kila kitu. Wazee wetu waliliita kiasi, na jina limekaa vizuri, maana ndani yake kila kitu kimepimwa tayari.

Waingereza waliiona bunduki ya Lefaucheux kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 na wengi wakacheka. Bawaba katikati ya bunduki? Itatikisika baada ya msimu mmoja. Gazeti la wawindaji la The Field likaitisha majaribio mwaka 1858 na tena 1859, za kushindilia dhidi ya za kukunjika. Za kushindilia zilipiga kwa nguvu kidogo zaidi, na wahafidhina wakafurahi. Furaha haikudumu. Mwindaji aliyekwisha kuona jirani yake akikunja, akitumbukiza maganda mawili na kufunga, huku yeye bado anatafuta zibo mfukoni, hakuhitaji takwimu. Mwaka 1861 George Daw aliingiza sokoni London ganda lenye fataki katikati ya tako lake, na hilo ndilo tunalolijua hadi leo.

Hapo ndipo maswali ya dukani yalipoanza kufanana na ya sasa. La kwanza ni bora, na hesabu yake ni ya kizamani kuliko watu wanavyofikiri. Chukua ratili moja ya risasi, gramu 454, ugawe uumbe mipira 12 iliyo sawa. Mtutu unaopokea mpira mmoja kati ya hiyo ni wa bora ya 12, upana wake milimita 18.5. Ukiugawa mara 20 mipira huwa midogo, na bora ya 20 ni milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikipanda tundu hupungua, jambo linalomchanganya kila mnunuzi mgeni. Bora ya 12 ilishinda nyingine kwa sababu ilibeba takriban gramu 30 hadi 32 za marisau bila kumchosha mtu wa kawaida. W. W. Greener wa Birmingham, fundi aliyeandika vitabu kwa wingi kama alivyotengeneza bunduki, aliweka kanuni ambayo bado husemwa kaunta kwa kaunta: bunduki iwe na uzito mara 96 ya uzito wa marisau yake. Zidisha gramu 32 kwa 96 upate kilo 3 na kidogo. Ikiwa nyepesi kuliko hapo itakupiga wewe. Ikizidi sana, mchana wa pili mkono utakataa.

Greener huyo ndiye aliyelitia nguvu swali la pili, la mdomo. Mtutu ulionyooka mwanzo hadi mwisho hutawanya marisau mapema. Mafundi kadhaa waligundua kwamba ukiubana kidogo sana karibu na mdomo, kwa kiasi cha unene wa kucha, kundi la marisau huenda mbali likiwa limeshikana. William Pape wa Newcastle alikuwa na hataza yake mwaka 1866, Sylvester Roper wa Marekani mwaka 1868, na huko Illinois mwindaji wa bata Fred Kimble alisisitiza mpaka uzee wake kwamba alifika hapo mwenyewe. Ugomvi huo sitauamua mimi. Greener aliutangaza mbano huo mwaka 1874, akabishiwa vikali, na majaribio ya The Field ya mwaka 1875 yakampa haki. Kipimo cha wakati ule bado kinatumika: duara la sentimita 76, umbali wa mita 37. Mtutu usiobanwa huingiza humo kama asilimia 40 ya marisau yake. Uliobanwa kabisa kama asilimia 70.

Wateja wengi walikimbilia mbano wote, kama mtu anayenunua pilipili kali zaidi sokoni ili aonekane. Kisha wakarudi wakilalamika. Kwale anayeruka kutoka miguuni mwako hupigwa akiwa hatua 20 tu, na hapo marisau yaliyoshikana ama humkosa kabisa ama humfanya asilike. Bata apitaye juu ya ziwa alfajiri ni habari nyingine. Bunduki ya mitutu miwili iliyolala sambamba ilitatua kwa hekima ya kimya: mtutu wa kulia mpana kwa ndege wa karibu, wa kushoto uliobanwa kwa anayezidi kwenda, na vifyatulio viwili ili kidole kiamue papo hapo. Mwaka uleule wa 1875, William Anson na John Deeley wa Birmingham walificha nyundo ndani ya kiungo, kwa mpango ambao kukunja bunduki kwenyewe kuliitega tena. Vyuma vichache, kazi nyepesi, bei ya chini. Mamilioni ya bunduki za ndege duniani zimefuata mpango huo.

Kilichobaki kilikuwa kitako, na hapa ushauri haujabadilika. Bunduki ya risasi moja hulengwa. Ya marisau huelekezwa. Haina macho mawili ya kulinganisha, jicho la mpigaji ndilo la nyuma. Kitako kikiwa kirefu hunasa kwapani. Kikiwa kifupi kidole gumba hupiga pua. Kikiinama mno mtu hupiga chini ya ndege siku nzima na kumlaumu mbwa. Mafundi wa London walimpima mteja kama fundi cherehani, wakakunja ubao kwa mvuke umfuate shavu. Anayenunua leo bunduki kuukuu ya Kiingereza ananunua mwili wa mtu aliyekwisha kufa, na afadhali awe amelingana naye.

Kwa ukamilifu huo wa chombo, mambo yakaharibika. Mabwana wa Uingereza waliacha kutembea kumtafuta ndege. Walisimama mstari mmoja na ndege wakafukuzwa na vijana kuja juu ya vichwa vyao. Kila bwana alikuwa na bunduki mbili za sura moja na mtu wa kumjazia. Lord Ripon alikuwa na tatu, na wajazaji wawili, na daftari lake la maisha lina zaidi ya wanyama na ndege 500,000. Alifia mawindoni Septemba 1923, baada ya asubuhi nzuri ya kuwinda. Tarehe 18 Desemba 1913, huko Hall Barn, wapigaji saba akiwemo Mfalme George V waliangusha ndege aina ya fezanti 3,937 kwa siku moja. Hao walikuwa ndege wa kufugwa na kuachiwa, mazao ya shamba. Ng'ambo ya bahari walikuwa wa porini.

Marekani ilikuwa na John Browning, mtoto wa fundi wa bunduki kutoka Ogden, Utah. Alikuwa ameiuzia kampuni ya Winchester silaha nyingi, ikiwemo bunduki ya marisau ya mwaka 1897 ambayo mpigaji huivuta na kuisukuma kwa mkono wa mbele ili iingize ganda jingine. Kisha akaja na iliyojifanyia yenyewe: mtutu unarudi nyuma kwa nguvu ya mpigo, unatema ganda, unapokea jingine. Matano mfululizo. Winchester walikataa masharti yake ya malipo. Akaenda kwa Remington, na tarehe 8 Januari 1902, akiwa bado anangojea kuonana na mkuu wa kampuni, Marcellus Hartley, akaambiwa kwamba amefariki. Browning akapanda meli hadi Ubelgiji, kwa FN ya Herstal, ambao walisaini. Bunduki hiyo, Auto-5, ilitengenezwa mpaka mwisho wa karne. Browning alifia kiwandani humohumo mwaka 1926; bunduki yake ya mwisho ya marisau ilikuwa ile ya mitutu iliyopandana, ambayo mwanawe Val aliikamilisha.

Lakini wakati Auto-5 inaingia sokoni, njiwa msafiri wa Marekani alikuwa tayari ametoweka porini. Alihesabiwa kwa mabilioni. Makundi yake yalifunika jua kwa saa nzima. Petoskey, Michigan, mwaka 1878, wawindaji wa biashara walifuata taarifa za telegrafu mpaka kwenye viota na kupakia mapipa kwenye treni. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Si haki kuitupia bunduki lawama yote. Nyavu, reli na shoka la misitu vilifanya sehemu yao. Hata hivyo watu waliotazama tundu lile tupu waliielewa ile hesabu ya muda. Ndege aliyekuwa na sekunde sasa hakuwa na kitu.

Sheria zikafuatana. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ikazuia usafirishaji wa mawindo haramu kati ya majimbo. Mwaka 1918 Marekani ililinda ndege wahamao kwa mkataba iliofunga na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na bora zenye tundu pana kuliko ya 10 zikapigwa marufuku, pamoja na yale mazinga yaliyofungwa kwenye mitumbwi na kufagia kundi zima kwa mpigo mmoja. Mwaka 1935 ikaja iliyo ya ajabu zaidi: bunduki ya kuwindia ndege wahamao isibebe zaidi ya maganda matatu. Zinazobeba matano zikazibwa kwa kijiti cha mbao. Fikiria mashaka aliyoyapata Browning kuitengeneza ile ghala ya maganda, halafu kijiti. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1981, iliruhusu bunduki inayojijazia yenyewe iwe na ghala isiyozidi maganda mawili. Tangu hapo anayechagua bunduki ya ndege huanza na kile asichoruhusiwa kufanya.

Na bado bata walikuwa wanakufa, hata wasiopigwa. Bata hana meno. Humeza changarawe ili firigisi isage chakula. Chini ya maziwa yaliyowindwa kwa miaka 100, kati ya changarawe zilikuwemo tani za marisau ya Watts, ya mviringo mzuri, ya ukubwa unaopendeza. Ndege aliyeuona mwako wa Forsyth hakuweza kuiona tofauti hii. Firigisi iliisaga risasi, sumu ikaingia damuni. Mwaka 1959 Frank Bellrose wa Illinois alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa majini wa Amerika Kaskazini hufa hivyo kila mwaka. Marekani ilikataza marisau ya risasi kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, Denmark ikaikataza kabisa mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukaizuia katika ardhi oevu zote kuanzia Februari 2023. Mkataba wa ndege wa majini wahamao wa Afrika na Ulaya, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995 na ambao Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama, unadai hayohayo. Unatuhusu kuliko tunavyodhani: bata wadogo wanaotua maziwa ya Bonde la Ufa Desemba wamekula matope ya Ulaya Septemba.

Kiswahili kinapata taabu kidogo hapa. Kwetu risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu. Unawezaje kusema risasi isiyo ya risasi? Chuma ndicho mbadala wa bei nafuu, lakini ni chepesi, uzito wake ni kama theluthi mbili ya risasi, kwa hiyo mwindaji huchukua chembe kubwa zaidi kwa ndege yuleyule na kumkaribia zaidi. Tena ni kigumu. Kikipitishwa kwenye mtutu wa kale uliobanwa sana huweza kuuvimbisha mdomoni. Bunduki ambazo wanafunzi wa wanafunzi wa Manton walizipaka mafuta kwa vizazi sasa zinatumia bismuthi, metali ya bei kubwa, au zinatundikwa ukutani. Mnunuzi wa leo huuliza kwanza atapiga marisau gani, ndipo atafute mtutu unaoyavumilia.

Nyumba ya Watts ilibomolewa mwaka 1968 kupanua barabara. Bristol ikajenga mnara mwingine wa zege kuendeleza kazi ileile, nao ulidondosha risasi kwa miaka 25 hivi kabla ya kufungwa. Bado umesimama kando ya maji, na ndani yake sasa kuna ofisi.